Malkia Anne wa Uingereza: mimba 17, na hakuna mutoto mwenye alibakia

Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1687, kule Uingereza. Tarehe 21 ya mwezi wa kwanza, mimba ya mwanamuke mumoja kijana iliharibika. Hakukuwa hata na wakati wa kuilia, juu ndui ilikuwa imeingia mu nyumba. Bwana yake alilala mugonjwa. Tarehe 2 ya mwezi wa pili, mutoto wao mudogo, Anne Sophia, mwenye hakukuwa amefikisha miezi tisa, alikufa. Siku sita kisha, dada yake Mary, wa miezi 20, naye akafa. Katikati ya vile vifo viwili, tarehe 6, mama yao alitimiza miaka 22.

Watu wenye walikuwa karibu nao walisimulia kama bwana na bibi walikaa wakishikana mikono, mara wanalia, mara wanazungumuza, mara wananyamaza kabisa, naye mama njo alikuwa anamuuguza baba.

Huyo mama aliitwa Anne. Baba yake, James wa Pili, alikuwa mufalme wa Uingereza. Mbele ya mwaka huo kuisha, Anne alibeba mimba ingine, na mwezi wa kumi akazaa mutoto mwanaume mwenye alikuwa amekwisha kufa. Akajaribu tena. Mwezi wa nne wa 1688 ile nayo ikatoka.

Kwa jumla wanahistoria wanahesabu mimba 17 ndani ya miaka 17. Watoto watano tu njo walizaliwa wakiwa wazima. Wale 12 wengine walitoka mbele ya wakati, ao walizaliwa wakiwa wamekufa. Na kati ya wale watano, mwenye aliishi zaidi alifikisha miaka 11.

Familia yenye ilikosa watoto

Anne alizaliwa tarehe 6 mwezi wa pili, 1665. Mama yake alizaa watoto wanane, wakapona wawili tu: Mary na mudogo wake Anne. Anne alikuwa na miaka sita wakati mama alikufa. Baba akaoa tena, akachukua binti wa Italia wa miaka 15, Mary wa Modena, na huyo pia akaanza kuzika watoto, mumoja kisha mwingine. Baba yao mukubwa wa ufalme, Charles wa Pili, alikuwa na watoto wengi inje ya ndoa, lakini bibi yake wa halali, Catherine, mimba zake ziliharibika na hakuacha mutoto hata mumoja. Dada mukubwa wa Anne, Mary, aliolewa kule Uholanzi. Mu 1678 mimba yake iliharibika, na tangu pale hakuzaa tena mupaka kufa.

Kwa hiyo mu jumba lile, wanamuke wane walipita mu shida moja. Mutu angewaza kama wangesaidiana. Haikukuwa vile.

Mu 1683, wakati Anne alikuwa na miaka 18, walimuoza kwa George, mutoto wa mufalme wa Denmark. Ilikuwa ndoa ya siasa, sawa ndoa zote za wafalme, lakini hawa wawili walipendana kweli. George alikuwa mutu mupole, anapenda chakula na divai, pumu inamusumbua, na watu wa jumba walimucheka kama hana akili nyingi. Mutoto wao wa kwanza, binti, alizaliwa amekufa mu mwezi wa tano wa 1684. Ndoa ilidumu miaka 25, na mu ile miaka yote George hakutafuta bibi mwingine. Kwa mutu wa kabila lake la wafalme, mu wakati ule, hiyo haikukuwa kitu kidogo. Charles, mukubwa wa baba mukwe wake, alikuwa na mabibi wa pembeni wenye kujulikana na kila mutu.

Mwanamuke mwenye kupoteza, anashitaki mwenzake

Mu mwezi wa sita wa 1688, miezi miwili tu kisha mimba ya Anne kuharibika, mama yake wa kambo alizaa mutoto mwanaume mwenye afya. Anne hakukuwa pale. Alikuwa ameenda Bath, muji wenye maji ya moto yenye kutoka mu udongo, juu wanganga walikuwa wanatuma kule wanamuke wenye kutafuta mimba, waoge na wanywe.

Ule mutoto alikuwa hatari ya siasa. James alikuwa Mukatolika, inchi ilikuwa ya Waprotestanti, na mutoto mwanaume alimaanisha kama ufalme utabakia kwa Wakatolika. Uvumi ukatembea haraka kuliko farasi: ati malkia hakukuwa na mimba, ati ule mutoto ni wa mutu mwingine, ati walimuingiza mu chumba ndani ya kile chombo cha mukono murefu chenye walikuwa wanatia makaa juu ya kupasha kitanda moto. Watu zaidi ya 40 walikuwa mu chumba siku ile, wengine waliona kwa macho yao. Haikusaidia kitu.

Na Anne? Aliandikia dada yake Mary kule Uholanzi barua kisha barua, akionyesha kama ana mashaka juu ya ile mimba. Yeye mwenye alijua vizuri zaidi ya mutu yeyote maana ya tumbo kupanda na mikono kubakia tupu, alisaidia kueneza neno baya juu ya mwanamuke mwenye alikuwa amepoteza watoto sawa yeye. Sehemu hii ya maisha yake haipendezi, lakini bila hiyo hatumuelewe. Alitaka ufalme ubakie kwa Waprotestanti. Pia alikuwa mutu mwenye kidonda cha miezi miwili.

Mwisho wa 1688, bwana ya Mary, William, alifika na jeshi kutoka Uholanzi. Usiku mumoja wa mwezi wa 11, Anne alitoroka jumba la baba yake kupitia ngazi ya nyuma, pamoja na rafiki yake Sarah Churchill, akaenda kujiunga na upande mwingine. Ukihesabu tarehe, wakati alikuwa anakimbia alikuwa na mimba changa sana. Baba yake alikimbilia Ufaransa. William na Mary wakapewa ufalme pamoja, na sheria ikasema: kama Mary hana mutoto, kiti kitaenda kwa Anne, kisha kwa watoto wa Anne.

Tumbo la Anne likakuwa kazi ya serikali.

William mudogo

Ile mimba ya wakati wa kukimbia, safari hii ilifika mwisho. Tarehe 24 mwezi wa saba, 1689, alizaliwa mutoto mwanaume, William, mwenye alipewa cheo cha Duke wa Gloucester. Kengele zililia mu muji muzima.

Mutoto akiwa na wiki sita, degedege zikaanza. Walibadilisha mama wenye kunyonyesha, mumoja kisha mwingine. Wakamutoa katikati ya muji, wakamupeleka Kensington, fasi yenye hewa nzuri. Akapona, lakini kichwa chake kilikuwa kikubwa, na leo wanganga wanaona kama alikuwa na maji kwenye ubongo. Alichelewa kutembea, kupanda ngazi kulimushinda, mara nyingi alitafuta mutu wa kumushika.

Lakini akili ilikuwa mingi. Alipenda mambo ya kivita kuliko kitu chote. Walimukusanyia watoto wa mutaa, karibu 90, na bunduki za miti, akawa anawapigisha gwaride yeye mwenyewe. Anne, mwenye alikuwa amefunza moyo wake kutotumainia, alimutumainia huyu. Kila kikohozi chake kilikuwa habari mu nyumba.

Na wakati ule wote, aliendelea kutafuta wengine. Mu 1690 binti alizaliwa mbele ya wakati, akaishi saa mbili. Mwezi wa nne wa 1692 mutoto mwanaume, walimupa jina George, akaishi dakika chache tu. Anne akiwa bado kitandani, hana nguvu, dada yake Mary, sasa malkia, akafika kumuona. Mutu angefikiri kama amekuja kulia naye. Mary alikuja kumuambia Anne afukuze rafiki yake Sarah, juu bwana ya Sarah alikuwa anashukiwa kuwa muhaini. Anne akakataa. Dada wawili hao hawakuonana tena; Mary alikufa na ndui mwisho wa 1694. Mumoja hakupata mutoto, mwingine alikuwa amezika wa siku ile, na maneno yao ya mwisho yalikuwa juu ya kazi ya mama mumoja wa jumba.

Kisha hapo, tarehe zinafuatana haraka mupaka inachokesha hata kuzisoma. Mwezi wa tatu 1693, binti amezaliwa amekufa. Mwezi wa kwanza 1694, mutoto mwingine amekufa. Mwezi wa pili 1696, mimba imetoka. Mwezi wa tisa 1696, imetoka. Mwezi wa tatu 1697, imetoka. Mwezi wa 12 1697, imetoka. Ile ine ya mwisho ni ndani ya miezi 22 tu. Mwezi wa tisa 1698, mutoto mwanaume, amekufa. Mwezi wa kwanza 1700, tena mwanaume, tena amekufa. Ile ilikuwa ya 17, naye alikuwa na miaka karibu 35.

Wakati ule hakukuwa mutu wa kumuambia apumuzike. Wanganga walimutoa damu, walimupa dawa za kutapisha na kuendesha, walimutuma kunywa maji ya Bath na ya Tunbridge Wells. Munganga mumoja mashuhuri, John Radcliffe, alimuambia kama hana ugonjwa, ni mawazo tu. Anne alimufukuza, na ni vigumu kumulaumu. Wafuasi wa baba yake walikuwa na jibu lao tayari: ni Mungu anamulipiza juu alimusaliti muzazi. Neno sawa lile linasikilika mupaka leo mu vijiji na mu miji, ati mama huyu ana laana, ati alikosea wazee, na mara nyingi wenye kulisema hawajabeba hata mimba moja.

Leo wanganga wanawaza nini

Wanganga wa siku hizi wamerudilia habari za Anne mara mingi. Wengi wanaona kama alikuwa na ugonjwa wenye unafanya kinga ya mwili igeukie mwili wenyewe na damu igande haraka. Vijidonge vya damu vinaziba kondo, mutoto anakosa chakula na hewa. Maumivu ya viungo yenye yalimutesa, yenye walikuwa wanaita gauti, yanaweza kuwa tawi la ugonjwa uleule. Wengine wanatajaka kisukari, ao aina ya damu ya mama kupigana na ya mutoto. Hii ya mwisho haifatane vizuri na habari yake, juu kwa kawaida mutoto wa kwanza anaponaka na wenye kufuata njo wanaumia, lakini Anne alipoteza wa kwanza, akapata wawili wazima, kisha akapoteza tena.

Kama ni ile ya damu kuganda, dawa yake leo ni aspirini kidogo na sindano za kuzuia damu kuganda, zenye munganga anaandika na kufuatilia tangu mwanzo wa mimba. Wanamuke wengi wenye ugonjwa ule wanazaa watoto wazima. Lakini haiko dawa ya kujinunulia kwenye famasi, sababu kwa mama mwenye hana ule ugonjwa inaweza kuleta hatari ya damu.

Lazima kusema pia kama habari ya Anne haiko habari ya wanamuke wengi. Mimba moja kuharibika ni jambo la kawaida: kati ya mimba 100 zenye kujulikana, zaidi ya 10 zinatoka zenyewe, mara nyingi juu mutoto hakuumbwa vizuri tangu siku ya kwanza, haiko juu mama alibeba bidoni ya maji ao aligombana na mama mukwe. Wengi wenye kupoteza moja, yenye kufuata inafika mwisho. Mwili unaweza kushika mimba ingine haraka, hata mbele mama hajaona siku zake, ndiyo maana bwana na bibi wanafaa kuzungumuza mapema kama wanataka kungojea. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mu 2005 kungoja angalau miezi sita. Masomo ya kisha yameonyesha kama mama mwenye afya anaweza kujaribu mbele ya pale bila hasara kubwa. Mama mwenye alipoteza damu mingi ni habari ingine, huyo anahitaji kwanza damu irudi.

Kama ni mbili ao tatu zenye kufuatana, pale njo vipimo: damu, sukari, kaswende, umbo la kizazi. Malaria nayo, kwa mikoa yetu, haiwezi kusahauliwa. Na bwana pia apimwe. George wa Denmark, mu miaka 17 ile yote, hakuna munganga mwenye alimuuliza neno.

Siku sita kisha sikukuu

Tarehe 24 mwezi wa saba, 1700, William alitimiza miaka 11. Walifanya sikukuu kule Windsor, akacheza sana. Usiku akalalamika kama anasikia baridi na koo inauma. Wakamutoa damu. Homa ikapanda. Walimuita hata Radcliffe, ule munganga mwenye Anne alikuwa amemufukuza, akafika, akagombana na wenzake juu ya ile damu yenye walitoa. Tarehe 30, mbele ya jua kutoka, mutoto alikufa. Anne hakutoka pembeni ya kitanda.

Tangu pale, wakati alikuwa anaandikia rafiki yake Sarah, aliongeza mbele ya jina lake neno la kusema kama yeye ni masikini mwenye bahati mbaya. Aliendelea kulitumia kwa miaka.

Bunge halikungoja mingi. Mu 1701 lilitunga sheria: kama Anne anakufa bila mutoto, kiti kitaenda kwa Sophia wa Hannover, kule Ujerumani, mujukuu wa mufalme wa zamani, juu ni Muprotestanti. Waliruka watu zaidi ya 50 wenye walikuwa karibu zaidi kwa damu, juu walikuwa Wakatolika. Wafalme wote wa Uingereza kutoka 1714 mupaka huyu wa leo wanatoka kwa ile sheria.

Mwaka 1702 Anne alikuwa malkia, miaka 37. Siku ya kutawazwa walimubeba kwa kiti, miguu ilikuwa imekataa. Alitawala miaka 12: jeshi lake lilishinda Ufaransa, na mu 1707 Uingereza na Uskoti zilikuwa inchi moja. Kuna pia jambo lenye Mwafrika hawezi kuliruka: mu 1713 serikali yake ilipata kwa mukataba ruhusa ya kuuza watumwa 4,800 kutoka Afrika kila mwaka, kwa miaka 30, mu makoloni ya Hispania. Kule pia kulikuwa mama wenye kupoteza watoto, na hakuna mutu mwenye aliandika tarehe zao.

Mu 1703 mutoto mwanaume wa Sarah alikufa na ndui, akisoma Cambridge. Anne alituma wanganga wake mwenyewe, akaandika kumufariji kama mutu mwenye alijua njia. Urafiki ule ulivunjika kisha miaka michache, kwa siasa na kwa kiburi. Wakati George alikufa, mu mwezi wa kumi wa 1708, Sarah alitoa picha yake mu chumba cha malkia, ati juu ya kumupunguzia huzuni. Anne aliiomba mara na mara.

Haijapita miezi mitatu kisha mazishi, wabunge wa nyumba zote mbili walimuandikia malkia. Walimuomba asiache huzuni imushinde, afikirie kuolewa tena, inchi ipate mutoto. Alikuwa anakaribia miaka 44, hawezi kutembea, na mimba 17 nyuma yake. Alijibu kwa adabu, kwa namna yenye hakuna mutu alirudi kumuuliza.

Anne alikufa tarehe 1 mwezi wa nane, 1714, akiwa na miaka 49. Sophia wa Hannover alikuwa amekufa miezi miwili mbele yake, kwa hiyo mutoto wa Sophia, George, mwenye alisema Kiingereza kidogo tu, njo alikuja kukalia kiti. Walimuzika Anne usiku, mu kanisa la Westminster, pembeni ya bwana yake. Sanduku lilikuwa karibu na upana sawa na urefu, namna mwili ulikuwa umevimba. Juu ya kaburi hawakujenga kitu, kuna jiwe tu lenye jina. Watoto wake wako mu kanisa lilelile, mu kaburi la bibi yao wa zamani, Mary wa Uskoti, wamepangwa mu visanduku vidogo, na vingi havina jina.